Kiswahili cha Mashine na Kiswahili cha Mishomoroni: Uhakiki wa Misingi ya Utafiti

1. Utangulizi

Kwa muda wa miaka arubaini hivi, wataalamu wa kompyuta na wa isimu wamekuwa wakijaribu kuifundisha mashine lugha ya Kiswahili. Kazi hiyo ilianza kama shughuli ya watu wachache, nayo leo imeenea hadi kwenye tafsiri, utambuzi wa sauti, kamusi na mafunzo ya shuleni. Yaliyoandikwa juu yake ni mengi, lakini sehemu kubwa ni taarifa tu: mradi ulianza lini, umekusanya maneno mangapi, mashine imefaulu kwa kiasi gani. Uhakiki ni haba. Sisi wanaisimu wa Kiswahili tumezoea kuuhakiki utenzi, riwaya na tamthilia. Hatujazoea kuuhakiki mkusanyo wa matini, ingawa mkusanyo nao una mteuzi wake, una upande wake, na una mambo uliyoyaacha nje.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha jambo moja. Utafiti wa kompyuta juu ya Kiswahili umekuwa hodari katika sarufi na dhaifu katika swali linalotangulia sarufi, yaani Kiswahili hicho ni cha nani. Kwa kuwa uliyachukua maandishi ya Kiswahili Sanifu kuwa ndiyo lugha yenyewe, umejenga mashine ambayo kwayo tofauti ya lahaja ni kosa. Maadamu mashine hiyo ilibaki maabara, dosari hii ilikuwa ya kitaaluma tu. Sasa inaingia darasani, na huko hukumu yake haina rufani.

Mfano wangu nitautoa Mishomoroni, katika eneo la Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa. Sikuichagua Mishomoroni kwa kudhani kwamba ndiko Kimvita kilikobaki bila ya kuchanganyika. Mtaa huu ni wa mchanganyiko: wamo Waswahili wenye asili ya kisiwani, wamo Wamijikenda, wamo waliotoka sehemu za bara kutafuta riziki. Kimvita husikika humo kikipakana na Kigiriama na Kidigo, na kikipokea maneno ya wageni. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya Kiswahili cha mjini, na mashine itakayoweza kumsikia mtoto wa Mishomoroni haitashindwa kumsikia wa Likoni wala wa Changamwe. Tena, ng'ambo ya hori ya Tudor kipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho chanzo chake ni taasisi ya elimu ya Waislamu iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951, ikawa chuo cha ufundi cha taifa mwaka 1972, na hatimaye chuo kikuu kamili mwaka 2013. Wahandisi wako upande mmoja wa maji na wasemaji upande wa pili. Haifai basi kusema kwamba masafa ndiyo yaliyowazuia wasikutane.

2. Kazi iliyokwisha kufanywa

Haki ya mhakiki ya kulaumu hutokana na wajibu wake wa kukiri kwanza yale yaliyo mema. Kazi ya Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyoianza mwaka 1985, haina mfano kwa uvumilivu wake. Katika makala yake ya mwaka 1992 alionyesha jinsi mofolojia ya Kiswahili, pamoja na ngeli zake na viambishi vya kitenzi, inavyoweza kuandikwa kwa kanuni ambazo kompyuta inazifuata bila ya kuyumba. Neno kama "hawatatupikia" hupasuliwa katika mofimu zake, kila moja ikapewa kazi yake. Anayejua kwamba kitenzi kimoja cha Kiswahili huweza kuzaa maelfu ya maumbo atatambua uzito wa kazi hiyo. Kutokana na juhudi hizo ulipatikana pia Mkusanyo wa Helsinki wa Kiswahili, ambao toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25.

Baadaye walikuja wengine. Mwaka 2009 Kiswahili kiliingizwa katika mashine ya kutafsiri ya Google. Mwaka 2021 watafiti vijana wa Kiafrika walitoa mkusanyo wa kutambua majina ya watu na mahali katika lugha 10 za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Mwaka huohuo shirika la Mozilla lilianza kukusanya sauti za Kiswahili kwa njia ya kujitolea. Mwaka 2022 watafiti wa vyuo vya Kenya, wakiwemo wa Maseno na Nairobi, walitangaza mkusanyo uitwao Kencorpus, wenye maneno yapatayo milioni 5.6 na sauti za saa 177, katika Kiswahili, Kijaluo na Kiluhya.

Tukiziangalia kazi hizi kwa pamoja, tunaona mambo mawili. La kwanza ni chanzo cha matini. Mkusanyo wa Helsinki umejengwa zaidi juu ya magazeti, vitabu na kumbukumbu za Bunge la Tanzania. Mkusanyo wa majina wa mwaka 2021 umetokana na habari zilizoandikwa. Haya ni maandishi ya wahariri. Kila neno lililomo limekwisha kupita mikononi mwa mtu ambaye kazi yake ni kuondoa lahaja. Mtafiti anayeyakusanya na kuyaita "Kiswahili" ni sawa na mtu aliyekwenda dukani akanunua mchele uliokwisha kukobolewa, kisha akaandika kitabu juu ya mmea wa mpunga.

Jambo la pili linaonekana katika Kencorpus, nalo lastahili kutajwa kwa sababu kazi yenyewe ni nzuri. Kiluhya kilikusanywa humo kwa lahaja zake: Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu, kila kimoja kwa jina lake. Kiswahili kiliingia kwa jina moja tu. Watafiti haohao waliotambua kwamba Mbukusu na Mlogooli hawasemi sawasawa hawakuona haja ya kuuliza kama Mvita na Mwamu wanasema sawasawa. Sitaki kuwalaumu wao peke yao. Waliichukua picha ya Kiswahili kama walivyoikuta katika vitabu vyetu, na vitabu hivyo tuliviandika sisi.

Mtu anaweza kunijibu kwamba lahaja ziliwahi kukusanywa. Ni kweli. Kati ya mwaka 1988 na 1992 Helsinki na Dar es Salaam zilishirikiana kurekodi mazungumzo na ngano katika pwani ya Tanzania. Lakini mfano huo unaunga mkono hoja yangu, kwani sauti hizo hazikuwa msingi wa mashine zilizofuata. Zilihifadhiwa kama urithi, na mashine ikaendelea kulishwa magazeti.

3. Sauti mbili, herufi moja

Ili hoja isibaki hewani, tuchukue sauti chache. Kimvita kina t mbili. Moja hutamkwa ncha ya ulimi ikigusa meno, na nyingine hutamkwa nyuma kidogo, kwenye ufizi. Ile t ya menoni ndiyo mara nyingi inayokaa mahali pa ch ya Kiunguja: mchele ni mtele, chini ni tini, mchanga ni mtanga, kucheka ni kuteka. Kadhalika nd ya menoni hukaa mahali pa nj: njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo.

Sasa tazama yanayotokea. Katika maandishi ya kawaida "kuteka" ni neno moja. Katika kinywa cha Mvita ni maneno mawili: kuteka kwa t ya menoni, yaani kucheka, na kuteka maji kisimani kwa t ya ufizini. Hali kadhalika "ndoo". Mama anayemwita mwanawe uani, "Ndoo hapa!", hamtajii chombo cha maji. Mtoto hakosei, kwa sababu sikio lake linazipambanua sauti mbili. Mashine iliyolelewa na magazeti haina pa kulipeleka neno hilo isipokuwa kwenye ndoo ya maji, kwani ndiyo ndoo pekee inayoijua.

Mfano wa pili ni mpumuo. Paa, mnyama wa porini, hutamkwa na wasemaji wa Mombasa kwa p yenye mpumuo. Paa la nyumba halina mpumuo. Kaa wa pwani ana mpumuo, kaa la moto halina. Jambo hili limo katika vitabu vya fonolojia na kila mwanafunzi wa mwaka wa pili hulisoma. Lakini katika tahajia sanifu halionekani, na kwa kuwa mashine zimefunzwa kwa tahajia, kwazo halipo. Tunafundisha darasani kwamba sauti hizi zinatofautisha maana, kisha tunaziidhinisha mashine zisizozijua.

Huenda msomaji akadhani kwamba ugumu huu unatokana na upungufu wa alama, na kwamba wahandisi walikuwa hawana njia. Historia ya Mombasa inakanusha dhana hiyo. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, alikuwa ameirekebisha khati ya Kiarabu ili ichukue sauti za Kiswahili. Mmisionari W. E. Taylor, aliyejifunza mengi kutoka kwake, alizitofautisha t hizi katika kitabu chake cha methali kilichotoka mwaka 1891. Karne moja baadaye, mwaka 1997, Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa pamoja na P. J. L. Frankl walitoa mapendekezo kamili ya tahajia ya Kiswahili kwa khati ya Kiarabu. Na mwaka 2015 Kevin Donnelly alitoa programu iitwayo Andika, inayomwezesha mtu kuandika Kiswahili kwa khati hiyo katika kompyuta na kukigeuza kutoka khati moja hadi nyingine, akitegemea kazi ya Sheikh Yahya.

Naiona programu hiyo kuwa ni kazi ya maana kuliko ukubwa wake. Haina mamilioni ya maneno, wala haikugharimu fedha za mashirika makubwa. Lakini mtengenezaji wake alianza mahali panapostahili: alimwendea mwanachuoni wa lugha yenyewe, akaichukua elimu yake, kisha akaitumikia kwa ufundi. Katika kazi nyingine nyingi mpangilio ni kinyume chake. Ufundi huja kwanza, na mwanachuoni huitwa mwishoni ili atie sahihi.

4. Kusoma si kusema

Tukiacha matini na kuingia katika sauti, tunakutana na kasoro ya namna nyingine. Ukusanyaji wa sauti kwa kujitolea umefuata njia nyepesi: mtu huonyeshwa sentensi iliyoandikwa, akaisoma kwa sauti, na mwingine akathibitisha kwamba aliisoma sawasawa. Walioshughulikia upande wa Kiswahili waliliona suala la lahaja na kutafuta namna ya kumtambulisha msemaji kwa lahaja yake, na kwa hilo wanastahili sifa. Hata hivyo, kumwuliza msemaji lahaja yake hakutoshi ikiwa anachokisema si chake. Mwanamke wa Mishomoroni akipewa sentensi yenye neno "mchele", atasoma "mchele". Akisoma "mtele", mthibitishaji ana haki ya kumkataa, kwa kuwa hakusoma kilichoandikwa. Njia yenyewe, kabla mtu yeyote hajawa na nia mbaya, imekwisha kuchuja. Tunachokipata ni lafudhi ya Mombasa juu ya maneno ya Dodoma na Nairobi.

Kasoro hii hufichwa na kipimo kinachotumiwa. Wataalamu wa utambuzi wa sauti huhesabu maneno ambayo mashine imeyakosea, wakayagawa kwa idadi ya maneno yaliyosemwa. Tuchukue sentensi niliyoitunga kwa ajili ya mfano:

Mama amepita ndia ya tini kununua mtele.

Sentensi hii ina maneno saba. Tuseme mashine imeisikia na kuandika "njia", "chini" na "mchele". Kama kipimo ni yale aliyoyasema msemaji, mashine imekosea maneno matatu kati ya saba, yaani asilimia 43. Lakini kama aliyeandika nakala ya kulinganishia naye aliisanifisha sentensi, kosa ni sifuri. Mashine imepata alama zote kwa kutomsikia msemaji. Sasa tuseme mashine nyingine imesikia kwa uaminifu na kuandika "ndia", "tini" na "mtele". Mbele ya nakala iliyosanifishwa, hii ndiyo yenye kosa la asilimia 43. Iliyosikia imeshindwa, na isiyosikia imeshinda. Basi takwimu za ufanisi tunazosomewa katika makongamano hazina maana mpaka tuambiwe nakala ya kulinganishia iliandikwa na nani, na alipewa maagizo gani.

Hapa kuna tofauti kati ya mashine za zamani na za sasa ambayo nadhani haijatiliwa mkazo. Mashine ya kanuni, kama ile ya Hurskainen, ni kitabu kilicho wazi. Ikiwa haijui kwamba t ya menoni ya Kimvita inalingana na ch ya Kiunguja, mtaalamu aweza kuifungua, akaongeza kanuni, na kosa likaondoka. Mashine za sasa, za ile inayoitwa akili mnemba au akili unde, hujifunza kwa kuhesabu mazoea ya mamilioni ya sentensi. Ndani yake hamna ukurasa wa kufungua. Kilichokosekana katika sentensi walizolishwa hakiwezi kuongezwa kwa kalamu. Hakuna budi kukusanya upya. Kwa hiyo uteuzi wa matini, ambao zamani ulikuwa ni hatua ya maandalizi, sasa ndio sarufi yenyewe.

5. Hukumu ya darasani

Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kupeleka kompyuta ndogo za mkononi katika shule za msingi, kuanzia darasa la kwanza, na vifaa vilivyogawiwa baadaye vilizidi milioni moja. Mjadala wa umma ulihusu zabuni, umeme, wizi na uharibifu. Yote hayo ni mambo ya haki. Lakini wenye taaluma ya lugha hatukuuliza swali lililokuwa letu: kifaa hiki kikizungumza na mtoto, kitazungumza Kiswahili gani, na kikimsikiliza, kitakubali Kiswahili gani?

Swali hili lina uzito wa pekee kwa mujibu wa mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019. Mtaala huo unataka mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Katika Mishomoroni lugha hiyo ni Kiswahili. Wapangaji wakaona kwamba hapo hapana tatizo: mtoto anajua Kiswahili, kitabu ni cha Kiswahili, shauri limekwisha. Kumbe mtoto aliyeleta Kimvita shuleni amekuta lugha nyingine yenye jina lilelile. Mtoto wa Kibukusu akikosolewa hujua kwamba anajifunza lugha ya pili. Mtoto wa Mishomoroni akikosolewa huambiwa kwamba lugha ya mama yake ni mbovu.

Mwalimu mzuri analijua hili na ana njia zake. Akisikia "mtele" husema, "Ndiyo, mtele, na kitabuni tunaandika mchele." Katika sentensi hiyo moja mtoto amekubaliwa, amefundishwa, na hakuna kilichovunjwa. Mwalimu ameweza kwa sababu anazijua lahaja zote mbili, na anajua kwamba kutojua usanifu si kutojua lugha. Programu ya kusomesha inayosikiliza sauti ya mtoto na kumpa alama haina uwezo huo, isipokuwa kama umewekwa ndani yake kwa makusudi. Ina majibu mawili tu, sahihi na kosa. Hairuhusu ubishi, haichoki, na mtoto huiamini kuliko anavyomwamini bibi yake, maana inawaka taa. Lahaja iliyostahimili kitabu na redio yaweza kushindwa na mwalimu wa namna hii, ambaye hukosoa papo hapo, kila neno, kila siku, kila mtoto peke yake.

6. Mabishano juu ya jina

Tulikuwa wapi sisi wakati haya yanapangwa? Jibu la kweli ni kwamba tulikuwa tukibishana juu ya jina la chombo. Wengine walitaka kompyuta, wengine ngamizi, wengine tarakilishi. Leo mabishano hayohayo yamehamia kwenye akili mnemba na akili unde. Siyadharau. Istilahi ni kazi ya heshima, na Sheikh Ahmed Nabhany, aliyezaliwa Matondoni, Lamu, mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alituonyesha jinsi ya kuifanya. Neno runinga, lililotokana naye, limekubalika katika matumizi ya watu.

Lakini tunamkumbuka Nabhany kwa nusu yake tu. Tumeyachukua maneno yake na kuiacha njia yake. Utenzi wake wa Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden mwaka 1979, unaeleza uundaji wa jahazi, na Umbuji wa Mnazi, uliotoka mwaka 1985, unaeleza mnazi na matumizi yake. Hizi ni kazi za elimu ya ufundi. Ndani yake istilahi haikuja kwa kamati kutafsiri orodha ya maneno ya kigeni. Nabhany aliwaendea wenye ufundi, akayasikiliza majina wanayoyatumia, kisha akayahifadhi katika umbo ambalo jamii yao inaliheshimu. Kwanza alikusanya, ndipo akaunda. Sisi tumeunda bila ya kukusanya, na wahandisi wamekusanya bila ya kutuuliza. Tumeshughulika na kibandiko cha sanduku, na kilichomo ndani tumewaachia wengine.

7. Pingamizi na majibu

Yapo mapingamizi matatu yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba lugha sanifu ni lazima ifundishwe. Nakubali bila ya sharti. Mtoto wa Mishomoroni atafanya mtihani mmoja na mtoto wa Kakamega, na atahitaji kusomeka Dar es Salaam na Bujumbura. Ninachokipinga ni kumfundisha usanifu kwa kumwambia kwamba hana lugha. Walimu wa lugha duniani wanajua kwamba kanuni mpya hushika vizuri zaidi inapojengwa juu ya ile ambayo mwanafunzi anayo.

La pili ni kwamba shauri hili lilikwisha amuliwa. Mkutano wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja iwe msingi wa usanifu, na mkutano huo, kwa kejeli ya historia, ulifanyika papa hapa Mombasa. Siombi uamuzi huo ufunguliwe upya. Lakini uamuzi wa 1928 ulikuwa juu ya kuandika na kuchapisha vitabu vya shule. Haukuamua watu waseme nini nyumbani, wala haungeweza kuamua mashine isikie nini. Sikio si kalamu. Inawezekana kabisa kuandika kwa usanifu mmoja na kusikia lahaja nyingi. Mwalimu niliyemtaja hufanya hivyo kila siku.

La tatu ni gharama. Inasemekana kwamba lahaja zina wasemaji wachache, na kwamba fedha zitumike pale penye manufaa kwa wengi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama tungekuwa tunaomba mashine ya Kimvita. Tunachokiomba ni Kiswahili kisichowaacha nje baadhi ya wasemaji wake wa asili. Kama baada ya mamilioni ya maneno na mamia ya saa za sauti mashine ya Kiswahili haijui "ndoo" ya Mombasa, basi fedha zilizotumika hazikununua kilichotangazwa.

8. Mapendekezo

Natoa mapendekezo manne, yote yakiwa ndani ya uwezo wa idara zetu.

Kwanza, mkusanyo wowote wa Kiswahili utaje lahaja na mahali. Ikiwa ni Kiswahili Sanifu cha magazeti, usemwe hivyo. Majarida yetu yasikubali makala yenye takwimu za "Kiswahili" bila ya maelezo hayo, kama ambavyo yasingekubali makala ya fasihi simulizi isiyomtaja msimulizi wala mahali alipohojiwa.

Pili, sauti zikusanywe kwa mazungumzo, wala si kwa kusoma peke yake: hadithi, maelekezo ya njia, bei za sokoni, michezo ya watoto, kwa idhini ya wasemaji na kwa malipo ya haki. Nakala ziandikwe mara mbili, moja ikifuata kilichosemwa, pamoja na alama za meno na mpumuo, na ya pili ikifuata tahajia sanifu. Nakala hizo mbili zikiwekwa sambamba zitaifundisha mashine uhusiano wa lahaja na usanifu, ambao ndio elimu aliyonayo mwalimu.

Tatu, programu za shule ziwe na hukumu tatu badala ya mbili: sahihi kwa usanifu, sahihi kwa lahaja, na kosa. Kwa hukumu ya pili, mtoto aonyeshwe umbo sanifu bila ya kupunguziwa alama. Orodha ya maumbo ya Kimvita yatakayoingia humo si kazi ya miaka. Ulinganifu wa sauti nilioutaja hapo juu unajulikana, na sehemu kubwa ya maneno inafuata ulinganifu huo.

Nne, wanafunzi wa uzamili wasimamiwe kwa pamoja na idara za Kiswahili na za uhandisi. Mhandisi asiyejua t mbili na mwanaisimu asiyejua jinsi kosa linavyohesabiwa wamekuwa wakikosana kwa muda mrefu bila ya kuonana. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliona idara za namna hizi zikikaa jengo moja na kugombania mbao uleule wa kuandikia. Hapa kwetu hata jengo moja si lazima. Kutoka Tudor hadi Mishomoroni ni safari fupi, na walimu wanaohitajika, wenye kuzijua sauti hizi kwa masikio yao, bado wako hai na bado wanasema. Kazi ianze kwao, na ianze kabla programu zinazosikiliza hazijawa kitu cha kawaida katika kila darasa, kwa kuwa baada ya hapo tutakaowarekodi ni watoto waliokwisha kukosolewa.